Shimo la Kinyozi

Nikisikia mtu anamsifu Kinyozi mbele yangu, kichwa huanza kunigonga hapa pembeni. Na watu wanavyopenda kumsifu! Ati mpole, ati mkweli, ati ana mkono mwepesi hata husikii wembe. Mimi ndiye jirani yake. Tunatenganishwa na ukuta mmoja tu, yeye upande wa nywele, mimi upande wa makochi, na ukuta wenyewe ni wa mbao nyembamba, kwa hiyo kila kicheko cha wateja wake nimekisikia. Mteja wa kochi haji kucheka. Anakuja na uso umekunjamana, anabonyeza springi kwa kidole, anauliza kwa nini kazi haijaisha.

Ngoja niwape habari zake kama zilivyo, bila kumtilia chumvi wala kumpunja.

Alipofika kwenye safu yetu ya maduka hakuwa na kitu cha maana. Kioo kilichopasuka kona, mashine ya kunyolea ya mkono, na kiti cha jikoni. Kiti cha jikoni, jamani! Mteja akikaa, magoti yanakaribia kidevu. Nikamhurumia. Nikatafuta kiti cha gari bovu, nikakivua kila kitu, nikakijaza sponji mpya, nikakishona kwa uzi wa nta, ule mshono wa kuficha ambao huoni ulipoanzia. Sijawahi kushona kitu kizuri kama kile, hata makochi ya harusi ya binti yangu hayakifikii. Basi kiti hicho ndicho kilichomletea watu. Wanakaa, wanajinyoosha, wanafumba macho, na wakitoka wanasema Kinyozi anajua kazi. Nani amewahi kusema Fundi anajua kazi? Mke wangu peke yake, na yeye husema akiwa na kitu cha kurekebishiwa.

Mke wa Kinyozi alifariki binti yao akiwa bado yuko shule. Kinyozi akamlea mtoto peke yake, akawa anamsuka mwenyewe kila asubuhi kabla ya kufungua duka. Wanawake wa mtaa wakawa wanapita kuangalia ile misuko, halafu wanarudi nyumbani kuwatazama waume zao kwa jicho baya. Mke wangu alikuwa mmojawapo. Mpaka leo akipika kitu kizuri, bakuli la kwanza kupakuliwa ni la Kinyozi. "Mpelekee jirani yako kabla hakijapoa." Changu kinapoa. Changu kinangoja nirudi. Nikinung'unika ananicheka: "Mume wangu, wewe na Kinyozi mna mambo ya wake wenza." Mimi sina wivu. Ninaona tu, na mtu mwenye macho lazima aone.

Sasa tuje kwenye samaki, maana hapo ndipo penyewe.

Yeye ndiye aliyenifundisha kuvua kwa mshipi, hilo silikatai. Nilikuwa mtu wa kushinda dukani hata Jumamosi, nimeinama na sindano, mgongo umekuwa upinde. Siku moja akagonga ukuta: "Fundi, hebu twende mtoni ukanyooshe mgongo huo." Nikaenda. Akanionyesha namna ya kufunga ndoano, namna ya kupima kiboya, na namna ya kufunga mdomo, jambo ambalo lilinishinda zaidi. Siku hiyo sikupata hata dagaa, lakini nililala vizuri, na Jumamosi iliyofuata ni mimi niliyegonga ukuta.

Wavuvi wa mshipi tuna tabia yetu moja. Mtu akikuuliza umevua wapi, unamjibu "majini", basi, mazungumzo yamekwisha. Hata awe ndugu yako wa tumbo moja. Mvuvi atakuazima baiskeli, atakesha nawe kwenye msiba wa mama yako, lakini mahali pake hakuambii. Na sisi sote tulijua kwamba Kinyozi ana shimo lake la samaki. Hakuna aliyewahi kuliona, lakini mtu harudi na perege wapana kama sahani kila Jumamosi kama hana shimo. Wengine walisema liko chini ya mizizi ya ule mti ulioanguka. Wengine walisema ni huko juu kwenye mawe, kina chake hakina mwisho.

Nilimwomba waziwazi. Tulikuwa tumekaa nje ya maduka, wateja hakuna, mke wangu ametuletea chai. Kikombe chake kilijaa, changu nusu, lakini tuyaache hayo. Nikamwambia, "Ndugu yangu, nionyeshe shimo."

Akacheka. "Siku nitakayoacha kuvua, Fundi, nakuachia wewe. Nimwachie nani mwingine? Binti yangu anaogopa minyoo."

Aliyasema hayo mbele ya mke wangu, kwa hiyo shahidi ninaye. Basi nikawa mrithi. Nyinyi hamjui mrithi anavyoishi. Akikohoa, nasikiliza kikohozi kimetoka wapi. Jicho lake la kushoto lilipoanza kuingia ukungu, na la kulia likafuata, nilimsikitikia kweli kweli, na nilimsindikiza hospitali mwenyewe. Lakini njia nzima nilikuwa nawaza shimo. Mngekuwa nyinyi mngewaza nini?

Kila Jumamosi mambo yalikuwa hayo kwa hayo. Tunaegesha baiskeli darajani, tunashuka, na tukifika penye matete ananiambia, "Wewe kaa hapa, Fundi. Tulia hapa." Halafu anatupa fimbo yake ya kuvulia begani na kupanda juu ya mto. Penye matete! Maji ya magotini, mahali pa kumweka mtoto asije akazama. Nakaa. Nikikaa kidogo roho inaanza kuniuma. Naona kabisa: mwenzangu sasa hivi yuko shimoni anavuta, anatoa ndoano, anarudisha, anavuta tena, na mimi hapa nakodolea kiboya macho kama mlinzi wa ghala tupu. Siwezi. Nakusanya vitu vyangu, namfuata. Nimepenya kwenye miiba, nimeteleza kwenye mawe, nimechungulia chini ya kila mzizi wa mto ule. Simpati. Kama kamezwa. Nikichoka narudi darajani suruali imechanika, namkuta amekaa kando ya baiskeli, samaki wake kwenye kamba, hana hili wala lile.

"Vipi, Fundi, leo hawakula?"

"Wewe umevua wapi?"

"Majini."

Ndipo likabandikwa tangazo. Idara ya uvuvi inakusanya maoni ya wananchi kuhusu uvuvi wa mtoni: wapi pafungwe ili samaki wazaliane, wapi pabaki wazi. Wavuvi wote wa mshipi wanakaribishwa. Tukakutana kwanza wenyewe, na mkutano ukafanyika wapi? Kwa Kinyozi, bila shaka, siyo kwangu penye makochi matano. Aliyekalia kile kiti nilichokishona alikuwa Dereva, mtu wa lori kubwa na domo kubwa kuliko lori. "Tuende, tuitikie, tunywe soda zao," alisema, shingo imefungwa kitambaa. "Lakini mtu asitaje mahali. Ukitaja tu, umepoteza." Sote tukasema naam. Kinyozi alikuwa anamchonga nyuma ya sikio, taratibu kuliko zamani, uso umekaribia kichwa cha mtu. Naam yake sikuisikia.

Ukumbi ulikuwa na viti vya plastiki na feni inayolia kila ikizunguka. Mbele, ukutani, walitundika ramani ya mto wetu, ndefu kama shuka. Afisa aliyekuja alikuwa mwanamke wa makamo, amevaa viatu vya matope, na matope yenyewe yalikuwa mabichi, ya mtoni. Hapo nilipaswa kushtuka. Akatugawia vibandiko vya mviringo. "Wazee wangu, cha bluu bandikeni pale mnapovua. Chekundu, pale mlipowahi kuona samaki wakizaa."

Tukapanga foleni. Wa kwanza akabandika bluu darajani. Wa pili, darajani. Dereva, darajani, tena akakigongelea kwa kiganja. Mimi nami nikabandika darajani, ningejitenga na wenzangu kwa lipi? Tulipomaliza, daraja lilikuwa halionekani kwa bluu, na mto wote uliobaki mweupe, kana kwamba hakuna aliyewahi kutia mguu. Kinyozi peke yake hakuinuka kitini.

Afisa akaiangalia ramani, akajikaza asicheke, ikamshinda. "Nimefanya mikutano hii kwenye mito mingi," alisema. "Sijaona mto ambao wavuvi wake hawapendi daraja."

Tukachekacheka, kila mtu akitazama viatu vyake.

"Na vyekundu? Hata kimoja? Kwa hiyo samaki wa hapa hawazai. Wanaletwa na lori."

Watu wote wakamgeukia Dereva.

Halafu yule mama akaacha utani. "Nisikilizeni. Idara haiwezi kulinda mahali isipopajua. Nikirudi na ramani hii, wakati wa kuzaliana utafungwa mto mzima, kuanzia juu mpaka chini. Mimi sipendi iwe hivyo, lakini ndivyo itakavyokuwa."

Ilibaki feni tu. Mara nikasikia kiti kinasogea kando yangu. Kinyozi anainuka.

Nilijua hapo hapo anachokwenda kufanya. Urithi wangu! Kitu alichoninyima mimi, jirani yake, mtu niliyemshonea kiti, niliyemshika mkono hospitali, anakwenda kumpa mgeni mbele ya kadamnasi. Nikamdaka shati. "Ndugu yangu, kaa chini."

"Niache, Fundi."

Akaenda mpaka mbele, akaisogelea ramani hata pua ikakaribia kuigusa. Hakuona vizuri. Akamwambia Afisa, "Binti, nishike kidole, niweke darajani." Afisa akamshika, akamweka. Kutoka hapo akaenda mwenyewe, kidole kikitambaa juu ya mto polepole. Nilikuwa nimesimama. Nikasema moyoni, sasa anakwenda kwenye mti ulioanguka. Au hapana, atapita, ni kule kwenye mawe. Hakufika hata kwenye mti. Alisogea kidogo tu juu ya daraja, akasita, akapapasa mkunjo wa mto, akabandika chekundu.

Penye matete.

Nikacheka kwa sauti. "Jamani mwacheni, ni macho! Ndugu yangu, umekosea. Hapo ndipo ninapokaa mimi."

"Sijakosea, Fundi." Akageukia watu. "Ndani ya yale matete kuna mchanga. Perege dume anachimba kwa mdomo mpaka anapata kisahani. Jike anakuja, anataga, halafu anayabeba mayai mdomoni. Hali chakula mpaka yaanguliwe. Vitoto vinacheza humo kwenye matete mchana kutwa. Ndilo shimo langu hilo mnalolitafuta. Wala siyo shimo. Ni maji ya magoti."

"Wewe si ulikuwa unapanda juu!" nikamwambia. Nilisahau kabisa kama tuko mkutanoni.

"Nilikuwa nakuachia nafasi. Nilikwenda kwenye mawe nipate hata mmoja wa mboga. Lakini kila nikigeuka nakuona huyo, unaparamia miiba, unanitafuta. Nikasema, kama Fundi ameondoka, pale pamekaa bure. Nikawa nazunguka kwa nyuma ya mashamba, nakuja kukaa mahali pako. Mara nyingine majani yalikuwa bado yamelala ulivyoyakalia."

Ukumbi ukavunjika mbavu. Dereva alicheka mpaka akatoa kitambaa. Hata Afisa aligeukia ukutani. Nilitamani ardhi ipasuke. Wale perege wote aliotugawia, wakakaangwa kwangu, nikawala kwa uchungu, walikuwa wa mahali pangu!

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikwambia kila Jumamosi. Kaa hapa, nilisema. Tulia hapa."

Dereva ndiye aliyekata kicheko. Akasimama, akapiga makofi. "Basi vizuri! Sasa tumepajua. Pafungwe kwa nini? Mahali pazuri hivyo tupange zamu, kila mtu apate." Wengine wakadakia, ndiyo, zamu, zamu. Mmoja alishauliza kama pikipiki inafika.

Afisa akainua mkono. Akasema, kibandiko kimoja ni maoni ya mtu mmoja. Kama mahali pa kuzalia ni hapo kweli, patafungwa mwaka mzima, na mto uliobaki utakuwa wazi. Lakini anataka kusikia kwa mvuvi wa mahali penyewe. Akisema panaweza kuhimili watu, panabaki wazi. "Nani anavua hapo?"

"Hapo ni pa Fundi," Kinyozi akasema. "Muulizeni mwenyewe."

Nikapewa kipaza sauti. Nikakishika kwa mikono miwili. Niwaambie nilikuwa nawaza nini? Nilikuwa nawaza Jumamosi. Nikisema pabaki wazi, Jumamosi nakaa pale na siinuki hata nyuki waje. Nitavuta perege mmoja, wa pili, wa tatu. Nitapita nao mbele ya duka la Kinyozi, taratibu, atoke anipongeze. Mke wangu atakaanga, na bakuli la kwanza litakuwa langu, la moto, linatoa moshi. Mate yalinijaa mdomoni, haki ya nani.

Halafu nikawatazama watu. Dereva alikuwa ametanua mikono anamwonyesha mwenzake upana wa samaki atakaowapata. Yule wa pikipiki alikuwa anauliza chambo. Nikawaona wote humo ndani ya matete yangu, na mabuti yao, na redio zao, na Dereva amekaa palepale ninapokaa, na makalio yale yalivyo. Aah, hapana! Mahali nilipokalia miaka yote nisijue, leo nimejua, aje avune Dereva? Bora asivue mtu. Bora nisivue hata mimi.

"Pafungwe!" Kipaza sauti kikapiga yowe, nami nikapiga yowe juu yake. "Pafungwe mwaka mzima, mchana na usiku! Na yeyote nitakayemkuta pale na ndoano, yeye na mimi!"

Nikaendelea. Nilisema juu ya mama aliyebeba watoto mdomoni na njaa tumboni. Nilisema juu ya wajukuu zetu ambao watamjua perege kwa picha. Sijui maneno yale niliyatoa wapi. Watu walianza kupiga makofi, wa kwanza mmoja, kisha wote, na Dereva akakaa chini kwa aibu. Afisa aliandika, akapigia mstari. Akasema anatamani kila mto uwe na mzee mwenye moyo wangu, anayekubali kupoteza mahali pake kwa faida ya wote. Nikaitikia kwa kichwa.

Tulipotoka, Kinyozi alinishika kiwiko kwa sababu ya ngazi. "Nilijua utasimama," alisema.

"Ulijuaje?"

"Fundi! Mtu anayepima kikombe changu cha chai kama kimezidi chake, atakubali Dereva aingie mle?" Akacheka mpaka akakohoa.

Mnaona? Mnamwona mtu huyu? Hata wivu wangu kautumia! Mtu ana kijicho chake, amekilea mwenyewe, hajamwomba mtu, mwenzake anakichukua na kukitia kazini, tena kinafanya kazi vizuri. Sina hata kimoja cha kumshinda? Nilikasirika nikamwachia mkono. Halafu nikaona mguu wake unatafuta ngazi hewani, nikamshika tena.

"Sasa sisi tutavua wapi?" nikamuuliza tulipofika chini.

"Wewe popote, kasoro pale. Mimi nimeacha."

"Umeacha lini?"

"Leo. Kiboya sikioni tena, ndugu yangu. Siku hizi nilikuwa navua kwa kushika mshipi kidoleni, nisikie akivuta." Tukatembea kidogo. "Si nilisema nikiacha nakuachia wewe?"

Nilimfikisha kwake, nikafungua duka langu, nikashona mto wa kochi upande usiofaa, ikabidi niufumue wote.

Watu wa idara walipokuja kusimika kibao cha kupafunga, nilisubiri Jumamosi nikagonga ukuta. Akaniambia nitangulie tu, yeye ana wateja. Nikaenda peke yangu, bila fimbo, nikakaa penye matete. Maji yalikuwa maangavu. Niliviona vile visahani kwenye mchanga, na dume mmoja mkubwa anazunguka chake, akimfukuza kila anayesogea. Akapita jamaa mmoja nisiyemjua na mshipi wake, nikamtimua kabla hajanisalimu. Baada ya hapo hakupita mtu.

Nikajikuta nageuza shingo kuangalia juu ya mto, kule kwenye mawe, masikio yamesimama. Hapakuwa na mtu kule. Hakuna aliyekuwa akivuta samaki mahali nisipopajua, hakuna wa kumfuata, hakuna atakayeningoja kwenye baiskeli anicheke. Nilikaa palepale, nikatulia kama nilivyoambiwa miaka yote, mpaka jua likapinduka, na sijawahi kuona Jumamosi ndefu kama ile.